Mageuko yamekaa kwenye kipindi kisicho chake

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, wazazi wa Dar es Salaam wanafungua vitabu vya watoto wao kwa umakini ambao sikumbuki kuuona zamani. Hilo ni jema. Lakini kwenye makundi ya WhatsApp, katikati ya malalamiko ya michango na bei ya sare, limerudi lile neno la siku zote: "Sasa wanataka kuwafundisha watoto wetu kwamba wametokana na nyani." Nililiona kwanza kwenye kundi la wazazi wa Kinondoni, kisha likanifikia tena kwenye kundi la ukoo likiwa na alama ya kusambazwa mara nyingi. Majibu yaligawanyika kama ilivyotarajiwa. Wengine walileta aya, wengine picha za mafuvu, na mama mmoja akauliza kama mchango wa mtihani wa majaribio unaweza kulipwa kwa simu. Mimi nilikwama kwenye neno moja tu, "sasa". Hakuna cha sasa hapo. Mageuko, yaani maelezo ya jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, yamefundishwa katika shule za nchi hii kwa miaka mingi, na aliyeandika ujumbe ule, kama alipita sekondari, aliyasoma, akayajibia mtihani, akapewa maksi, akasahau.

Kusahau huko ndiko kunakonishughulisha. Tunabishana kama mageuko yafundishwe au yasifundishwe, na huku yanafundishwa. Swali ambalo hatuliulizi ni kwa nini mtu aliyefaulu mada hiyo anatoka shuleni akiwa na hakika kwamba inasema binadamu ni mtoto wa nyani, jambo ambalo haisemi. Jibu langu ni kwamba tumeiweka kwenye kipindi kisicho chake. Tumeipeleka kwenye Historia, tukaikalisha meza moja na habari ya uumbaji kama wasemaji wawili wa mdahalo wa Ijumaa mchana, kisha kwenye Bayolojia, ambako ndiko nyumbani kwake, tukaiachia wiki za mwisho kabla ya mtihani wa taifa. Katika mpango huo sayansi imeumia, na dini imeumia zaidi kuliko wanavyodhani wanaoitetea.

Niseme mambo yalivyo, maana wengi wanabishana bila kuukumbuka muhtasari. Kwa mtaala uliokuwapo kabla ya huu, mwanafunzi alikutana na mageuko katika mada ya pili ya Historia ya Kidato cha Kwanza: mageuko ya binadamu, teknolojia na mazingira. Fikiria ni mwanafunzi gani huyo. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, miezi michache iliyopita alikuwa darasa la saba, na sasa anatakiwa kuelewa kwa Kiingereza jambo ambalo wanazuoni wazima wanagombana juu yake. Mpwa wangu, aliyepita Kidato cha Kwanza kabla mtaala mpya haujamfikia, alinipa daftari lake la Historia nilitazame. Ukurasa umegawanywa kwa rula. Kushoto ameandika nadharia ya uumbaji, kulia nadharia ya mageuko, na chini ya kila moja ubora wake na udhaifu wake. Udhaifu wa uumbaji, kwa mujibu wa daftari, ni kwamba hauna ushahidi wa kisayansi. Udhaifu wa mageuko ni kwamba nyani wa leo hawageuki kuwa watu. Vyote viwili vimewekewa vema nyekundu. Chini kabisa kuna mchoro tunaoujua wote, wa viumbe waliopanga foleni, wa kwanza ameinama na wa mwisho amesimama wima kashika mkuki.

Ningekuwa shehe au mchungaji, ukurasa ule ungeniudhi, ila si kwa sababu wanayoipigia kelele watu wa makundi. Ungeniudhi upande wa kushoto. Shule imelichukua neno ambalo mzazi nyumbani analiita la Mungu, imelibandika jina la nadharia, imemtaka mtoto wa miaka 14 alitafutie udhaifu, na imempa maksi alipoupata. Katiba yetu, ibara ya 19, inasema kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu wa Historia wa shule ya serikali anayesahihisha ubora na udhaifu wa Kitabu cha Mwanzo amekwishavuka mpaka huo, na amevuka kwa nia njema kabisa, akidhani anawatendea haki watu wa dini kwa kuwapa nusu ya ukurasa. Upande wa kulia nako kuna hasara yake. Ukiifanya nadharia ya kisayansi kuwa chama kimoja kati ya viwili, umemwambia mtoto achague, na mtoto aliyelelewa Mbagala au Tandika kwenye nyumba ya watu wanaosali atachagua bila kufikiri mara mbili. Atakariri ule upande mwingine kwa ajili ya mtihani tu.

Bayolojia ingeweza kurekebisha hayo. Lakini tazama ilivyopangwa. Katika Kidato cha Nne, kwa muhtasari huohuo wa zamani, mada zilifuatana hivi: ukuaji, jenetiki, uainishaji wa viumbe, mageuko, kisha VVU na UKIMWI. Anayejua shule zetu anajua maana ya kuwa mada ya mwisho au ya pili kutoka mwisho. Ifikapo Agosti mwalimu anakimbizana na mitihani ya majaribio ya wilaya na mkoa, mada zilizobaki zinagawiwa kama vitini vya kudurufu, na wanafunzi wanaambiwa wakasome wenyewe. Mageuko yakapita hivyo, kwa kurasa mbili za majina, Lamarck na twiga wake, Darwin na ndege wake wa visiwa vya Galapagos ambavyo hakuna darasani aliyewahi kuvisikia. Halafu ikaja mada ya VVU, na hakuna aliyewaonyesha wanafunzi kwamba mada hizo mbili ni jambo moja.

Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo pana mali. Kwa nini mtu anayeishi na VVU hapewi dawa moja bali kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake? Watu wengi wa Dar es Salaam wana ndugu anayemeza kidonge hicho kila usiku, na wachache wanaweza kujibu. Mwaka 1987, dawa ya kwanza, AZT, ilipoidhinishwa Marekani, ilitolewa peke yake, na baada ya muda virusi vikaizoea. Lakini neno "vikaizoea" linadanganya. Hakuna kirusi kilichojifunza kitu. VVU hujinakili kwa makosa mengi, kwa hiyo katika mwili wa mgonjwa mmoja kuna virusi vya namna nyingi zinazotofautiana kidogo kidogo. Dawa ikiingia inaua wale inaoweza kuwaua. Wachache ambao kwa bahati ya makosa hayo hawadhuriki wanabaki, wanazaliana peke yao bila mshindani, na baada ya muda mwili umejaa uzao wao. Ukiweka dawa tatu kwa pamoja, kirusi kinahitaji bahati tatu kwa wakati mmoja, na hilo ni gumu mno. Hayo ndiyo mageuko kwa uteuzi asilia, yote mazima: tofauti, urithi, na mazingira yanayochuja. Hakuna nyani humo. Na mgonjwa anayeelewa hivyo anajua kwa nini kuruka dozi wiki mbili ni hatari kwake na kwa atakayemwambukiza.

Au tuchukue malaria. Waliokua miaka ya 1980 na 1990 wanakumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Ikaja dawa iitwayo SP, na kufikia mwisho wa 2006 nayo ikapisha dawa mseto, ambayo ni mseto kwa sababu ileile ya kidonge cha VVU. Mwaka 2024 watafiti wa hapa nchini walichapisha ushahidi wa usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, dawa kuu ndani ya mseto huo, huko Karagwe, mkoani Kagera. Kwa majirani zetu Malawi kulitokea jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Waliacha klorokwini mwaka 1993, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti wa Blantyre wakaijaribu tena wakakuta inaponya karibu kila mgonjwa. Usugu ulikuwa umetoweka. Kimelea sugu kilikuwa kinalipa gharama kwa usugu wake, na klorokwini ilipoondoka, wenzake wasio sugu wakampiku. Mtoto anayeweza kueleza kisa hicho ameelewa mageuko kuliko aliyekariri majina yote ya mafuvu kwa mfuatano.

Na kwa wanaosema hayo ni ya vijidudu tu, hayatuhusu sisi watu, kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Inakadiriwa kwamba kiasi cha watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo Tanzania kila mwaka. Jeni inayoumiza hivyo ingepaswa kuwa imekwisha zamani, kwa sababu waliokuwa na jeni mbili walikufa wadogo kabla ya kupata watoto. Haikuisha kwa kuwa mwenye jeni moja tu hapati selimundu na hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo daktari Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti wa hapa Afrika Mashariki. Pale malaria ilipokuwa nyingi, jeni ikabaki. Wafugaji wetu nao wana kisa chao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, ulionyesha kwamba wengi wa watu wanaoweza kunywa maziwa ukubwani bila tumbo kuwasumbua wana badiliko la jeni lililoenea katika miaka elfu chache iliyopita, baada ya watu kuanza kufuga. Ukimwona Mmasai anamaliza kibuyu cha maziwa na wewe glasi moja inakukimbiza chooni, umeyaona mageuko.

Mfano wa samaki nitautaja haraka, ingawa peke yake ungetosha mwezi mzima wa vipindi. Ziwa Victoria lilikauka, au lilikaribia kukauka kabisa, miaka 15,000 hivi iliyopita. Tangu lijae tena zimetokea humo spishi zaidi ya 500 za samaki waitwao furu, hawa wanavunja konokono, hawa wanakwangua mwani kwenye mawe, wengine wanakula watoto wa samaki wenzao, kila mmoja na taya lake. Kwa wanasayansi wa dunia nzima furu ni mojawapo ya mifano mikubwa ya spishi mpya kutokea kwa haraka. Sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 aliwamaliza wengi kabla hata hawajapewa majina. Sato tunayemla na ugali ni wa familia hiyohiyo ya furu. Halafu tunawafundisha watoto wa Mwanza ndege wa Galapagos.

Sasa nije kwa wanaopinga. Hoja yao ya imani siidharau. Mzazi ana haki ya kumlea mtoto katika dini yake, na anapohisi shule inambomolea nyumba usiku anapolala, hasira yake ina msingi. Lakini ni vizuri kujua dini zenyewe zimesema nini, maana mara nyingi anayepinga kwa jina la dini anarudia mahubiri ya video zilizotafsiriwa kutoka Marekani, kwenye ugomvi ambao ni wa Marekani. Huko, mwaka 1925, mwalimu John Scopes alishtakiwa katika mji wa Dayton, Tennessee, kwa kufundisha mageuko, akatozwa faini ya dola 100, na sheria iliyomtia hatiani haikufutwa hadi 1967. Sisi hatujawahi kuwa na sheria ya namna hiyo wala kesi ya namna hiyo. Kanisa Katoliki, lenye shule nyingi nchini, lilikwishasema mwaka 1950 kupitia Papa Pius XII kwamba suala la mwili wa binadamu kutokana na viumbe waliotangulia linaweza kuchunguzwa, mradi roho itambuliwe kuwa inatoka kwa Mungu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II akaongeza kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Mendel, aliyetupa msingi wa jenetiki kwa njegere zake za bustanini mwaka 1866, alikuwa mtawa. Kwa Waislamu mjadala haujafungwa kwa namna moja: wako wanazuoni wanaoikataa nadharia yote, wako wanaoikubali kwa mimea na wanyama na kumtoa Adamu, na wako wanaokwenda mbali zaidi. Makanisa mengi ya kilokole yanasoma siku sita za uumbaji kama zilivyoandikwa. Mwalimu wa Bayolojia hana mamlaka ya kuamua nani kati yao amesoma sawasawa, wala hahitaji kuamua ili aeleze klorokwini.

Kuna hoja nyingine ambayo husikika mara chache, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Nadharia hii imewahi kutumiwa kututukana. Mwaka 1906 kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakalipa nauli kwenda kumtazama, na wenye elimu ya wakati huo walisema wanaonyesha hatua ya mageuko. Ile foleni ya viumbe kwenye daftari la mpwa wangu ni mtoto wa fikra hizo. Mara nyingi kiumbe wa mwanzo ni mweusi na wa mwisho ana sura ya Mzungu. Mwafrika anayeitazama picha hiyo akakunja uso hajakosea hisia zake. Alichonyimwa ni sayansi iliyofuata, ambayo imewaumbua waliomtukana. Binadamu wa sasa walitokea Afrika, kiasi cha miaka 300,000 iliyopita, na sehemu kubwa ya wazazi wa watu wa mabara mengine waliondoka hapa miaka 60,000 hivi iliyopita. Tofauti za jeni zilizopo ndani ya Afrika peke yake zinazidi zile za dunia iliyobaki. Rangi ya ngozi ni jibu la mwili kwa jua, basi. Mageuko hayapangi foleni, kwa maana hakuna kiumbe aliye mbele ya mwenzake. Wanaotaka mada hii iondolewe kwa sababu ilitumiwa na wabaguzi wangetuachia mchoro wa wabaguzi bila jibu lake.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambaa kuliko zote: kama tumetokana na nyani, mbona nyani wapo? Mimi na mtoto wa baba mdogo tuna babu mmoja. Kuwepo kwangu hakumzuii yeye kuwepo, wala mimi sikutokana naye, wala hakuna anayemsubiri ageuke awe mimi. Kiswahili kingetusaidia hapa kama tungekisikiliza, kwa sababu kina nyani, tumbili, kima, mbega, ngedere na sokwe, na mswahili wa pwani hamchanganyi mmoja na mwingine. Nadharia inasema binadamu na sokwe walikuwa na babu mmoja, kiasi cha miaka milioni sita au saba iliyopita, na babu huyo hakuwa sokwe wala binadamu. Nyani ni ndugu wa mbali zaidi, alijitenga na ukoo huo zamani sana kabla ya hapo. Kwamba swali hili limeingia kwenye daftari kama udhaifu rasmi na likapigiwa vema, hilo si kosa la shehe wala mchungaji. Ni kosa la somo.

Pacha wa hoja hiyo ni "hiyo ni nadharia tu". Hapa lugha imetuponza kidogo. Tuna karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo. Anayejifunza udereva anasoma nadharia kabla ya kushika usukani. Mwanasiasa akiahidi barabara ya lami tunasema hayo ni ya nadharia. Neno limezoea kumaanisha maneno yasiyo na mkono. Katika sayansi linamaanisha maelezo mapana yanayofunga pamoja mambo mengi yaliyokwisha kuthibitika. Kwamba magonjwa huletwa na vijidudu nayo ni nadharia kwa maana hiyohiyo, na kipindupindu kikiingia jijini hatuachi kuchemsha maji kwa sababu ni nadharia tu. (Neno "mageuzi" nalo lina mzigo wake. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, ukilitaja watu wanawaza siasa. Ndiyo sababu naandika "mageuko".)

Watetezi nao wana udhaifu wao, na nitausema kwa sababu unachangia hasira. Wako wanaoshangilia mageuko kama ushahidi kwamba hakuna Mungu. Nadharia haisemi hivyo na haiwezi kusema hivyo. Inaeleza jinsi viumbe vilivyopo vinavyobadilika na kugawanyika. Hata uhai wa kwanza ulivyoanza ni swali jingine ambalo wanakemia bado wanalihangaikia. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto 80 na kutangaza kwamba sayansi imemfuta Mungu amefanya kosa lilelile la ukurasa wenye rula, ila kwa upande wa pili.

Kwa hiyo ningependa nini kifanyike? Historia ibaki na vilivyo vyake: zana za mawe, moto, kilimo, nyayo za kale za Laetoli kama mahali na kama urithi. Habari ya uumbaji iende kwenye vipindi vya dini, kwenye Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia, ifundishwe na anayeiamini, bila kuitwa nadharia na bila orodha ya udhaifu. Mageuko yahamie Bayolojia, yaanze mapema, yaanze na mbu anayekufa na mbu asiyekufa kwenye chandarua chenye dawa, na binadamu aje mwishoni. Mtihani uulize kama mwanafunzi ameelewa, na usiguse kama ameamini. Mwanafunzi anayeandika maelezo sahihi ya usugu wa dawa kisha akaenda kuswali ana haki ya maksi zake zote.

Pendekezo hili lina shimo, na silifichi. Historia ya Tanzania na Maadili, somo jipya, linafundishwa kwa Kiswahili. Bayolojia ya sekondari bado ni kwa Kiingereza. Kuhamisha mada kutoka Historia kwenda Bayolojia maana yake ni kuiacha palepale kwenye lugha inayomfanya mtoto akariri. Nimelifikiria sana hilo na sina dawa yake zaidi ya ile ambayo wengine wameilalamikia tangu kabla sijazaliwa. Hatari nyingine imeonekana India. Mwaka 2023 mageuko yaliondolewa kwenye kitabu cha sayansi cha darasa la kumi, yakabaki kwa wale wanaoendelea na Bayolojia darasa la kumi na mbili, maana yake wengi wa vijana wa nchi ile hawatayasoma kamwe. Uturuki nayo ilikuwa imeyatoa sekondari mwaka 2017. Kwetu Bayolojia imekuwa ya lazima hadi Kidato cha Nne kwa miaka mingi, na hoja yangu yote imesimama juu ya hilo. Kadiri mtaala unavyofungua mikondo ya kuchagua, atakayehamisha mada hii ahakikishe kwanza kwamba anaipeleka kwenye kipindi ambacho kila mtoto anakaa.

Yote haya yalinijia upya Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ambako limehifadhiwa fuvu ambalo Mary Leakey aliliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Wakaliita Zinjanthropus, na hiyo Zinj ni jina la kale la pwani yetu, lileile lililomo ndani ya Zanzibar. Lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Nchi nzima inaliita fuvu la mtu wa kwanza. Lakini kwa wanasayansi wengi kiumbe huyo, ambaye leo wanamwita Paranthropus boisei, si babu yetu. Ni tawi la pembeni lililoishi sambamba na ukoo wetu, kwenye bonde lilelile ambako pia alipatikana Homo habilis aliyetangazwa mwaka 1964, kisha likakauka bila kuacha uzao. Magego yake ni makubwa mno, ya kusaga majani magumu mchana kutwa.

Siku hiyo lilikuwapo kundi la wanafunzi wa sekondari, madaftari mkononi. Mwalimu wao akawaambia huyu ndiye mtu wa kwanza, babu yetu sote, andikeni. Wakaandika. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kama huyu ni babu yetu, mbona meno yake hayafanani kabisa na ya kwetu. Mwalimu alitazama saa, akasema basi linasubiri.